Voi Kabla ya Reli na Baada Yake: Historia Iliyomo Katika Msamiati

Voi inapotajwa mbele ya wasomi, aghalabu mawazo hukimbilia Tsavo, na yakishafika Tsavo huishia kwa simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Simba hao wamebahatika. Wana kitabu cha Patterson kilichochapishwa 1907, wana filamu ya 1996, na ngozi zao zilizojazwa zingali zinatazamwa katika jumba la makumbusho huko Chicago. Wahakiki wa fasihi ya Kiafrika wanaupenda sana msemo kwamba simba asipopata msimulizi wake, hadithi ya mawindo itamsifu mwindaji daima. Tsavo imeupindua msemo huo: simba amepata msimulizi, mwindaji naye amepata. Aliyekosa ni mpagazi.

Lawama hii haiwaangukii waandishi wa Kiingereza peke yao. Wanafunzi wa Kiswahili nao wameyarithi masimulizi yaleyale, kwamba Voi ilizaliwa na reli na kwamba kabla ya hapo palikuwa nyika tupu ya miiba. Dai hilo halina mashiko, na ushahidi wa kulipinga umo katika lugha ambayo wanafunzi hao wanaisomea shahada.

Lichukuliwe neno hongo. Leo maana yake ni rushwa. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa njia, yaani nguo, shanga au waya ambao msafara uliwalipa wenye nchi ili uruhusiwe kupita. Neno la namna hiyo haliwezi kuota mahali pasipo na wenyewe. Mmishonari Johannes Rebmann alipokwenda Taita mwaka 1847, na alipokiona Kilimanjaro Mei 1848, hakuwa akipapasa gizani. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili kiongozi wa misafara aliyeijua njia barabara. Vitabu hupenda kusema kwamba Rebmann ndiye "aliyegundua" mlima. Bwana Kheri hutengewa sentensi moja, na mara nyingine hata hiyo hanyimwi kwa bahati mbaya, bali kwa mazoea.

Kwenye milima ya Sagalla, inayouangalia mji wa Voi wa leo, misheni ya CMS ilifunguliwa 1883 na Joseph Wray, ambaye baadaye alichapisha kitabu cha sarufi ya lugha ya wenyeji. Kule Taveta, misheni hiyo ilianza kutoa jarida liitwalo Taveta Chronicle mwaka 1895. Reli ilianza kutandazwa Mombasa mwaka uliofuata. Yaani nchi hii ilikuwa na jarida lake kabla haijaona garimoshi.

Hata jina la mji linadai uchunguzi. Simulizi moja husema Voi ni ufupisho wa Kivoi, mfanyabiashara aliyeweka kambi kando ya mto miaka 400 iliyopita. Ikiwa ni Kivoi Mwendwa, yule Mkamba ambaye Krapf alikutana naye 1849, basi hesabu ya miaka hiyo inakataa. Simulizi haipaswi kutupwa kwa sababu hiyo. Inapaswa kurekodiwa pamoja na nyingine zinazoshindana nayo.

Reli iliipita Voi kabla ya kufika mto Tsavo mapema 1898. Walioijenga hadi Kisumu walikuwa zaidi ya Wahindi 30,000, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Simba waliua sehemu ndogo sana ya hao. Maradhi na ajali ndivyo vilivyoua wengi.

Kipindi kilichoifanya Voi kuwa mji wa maana, hata hivyo, ni cha vita. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga tawi la reli kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea mpakani, na Februari 1916 majeshi yao yakashindwa vibaya katika kilima cha Salaita. Nyuma ya askari walikuwapo wapagazi wa kikosi ambacho jina lake la Kiingereza Waswahili walilitamka kwa namna yao, likawa Kariakoo. Dar es Salaam ina Kariakoo yake na Nairobi ina yake, na wanaonunua vitunguu humo hawafikirii kwamba wanataja jeshi la watu waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara na uchovu.

Lipo pia tukio la Kasigau, kusini mwa Voi. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku Wakasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa milimani walitupwa pwani penye malaria, wakafa kwa wingi. Waliruhusiwa kurudi kwao katika miaka ya 1930. Kama kuna tanzia inayosubiri mwandishi wa Kiswahili, ni hii.

Mkonge ulikuja na msamiati wake. Kibarua, ambayo asili yake ni barua ndogo, yaani karatasi ya kuthibitisha kazi ya siku, ikageuka kuwa jina la mfanyakazi mwenyewe: mtu akaitwa kwa karatasi yake. Ardhi ilipozidi kuchukuliwa, chama cha Taita Hills Association chini ya Woresha Mengo kilisimama kudai haki, na mwaka 1940 kikapigwa marufuku pamoja na chama cha Wakikuyu cha KCA na kile cha Wakamba. Mwaka 1948 ikaja mbuga ya Tsavo. Leo mbuga imemeza zaidi ya asilimia 60 ya eneo la kaunti ya Taita Taveta, na ugomvi wa ardhi haujaisha.

Watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya idara ya historia. Jibu ni kwamba idara ya historia husoma mafaili, na mafaili ya Voi yaliandikwa na maofisa. Mhitimu wa fasihi simulizi amefunzwa kumsikiliza mzee, kurekodi, kunukuu na kufasiri. Tasnifu nyingi za uzamili zinaendelea kurudia uhakiki wa riwaya zilezile tano au sita, ilhali watu waliosikia habari za Malindi kutoka kwa wazazi wao waliohamishwa wanazidi kupungua Kasigau kila mwaka. Voi yenyewe sasa ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kinachojulikana zaidi kwa uhandisi wa madini. Si vibaya kikichimba na hili, kwa Kidawida, Kisagalla, Kitaveta na Kiswahili.

Nairobi na Mombasa zina sanamu za ukumbusho wa askari na wapagazi wa vita hivyo, zilizosimamishwa katika miaka ya 1920. Maandishi yake yamo kwa Kiswahili pia, na yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa hapo.