Teke la Punda

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Waganga wa mifugo hawana budi kuutazama upya usemi huo.

Vijijini Shinyanga, na hata katika ukanda wa dhahabu wa Geita, punda huchukua maji, kuni na mazao. Mnyama huyu huficha maumivu, kwani porini aonyeshaye udhaifu huliwa kwanza. Hivyo kidonda kilicho chini ya shogi hakimlizi. Humfanya asimame tu, masikio nyuma, naye huitwa mkaidi na kuongezewa fimbo. Akisusa chakula kwa siku chache, mafuta ya mwili hujaa damuni, na hayo huweza kumwua.

Marekani iliitambua elimu ya tabia za wanyama kuwa ubingwa wa udaktari wa mifugo mwaka 1993. Wagonjwa wake wengi huko ni mbwa na paka, ndiyo maana baadhi yetu huidhani anasa. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hukataza kumtesa mnyama; lakini mganga asiyeweza kulisoma sikio la punda atayatambuaje mateso? Ubingwa huu na ufundishwe katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na wanafunzi waanzie visimani Shinyanga, kabla madumu hayajashushwa.