MFUKO WA UNGA USISEME UONGO



Katika mkutano uliopita tulikubaliana jambo moja na tukagombana juu ya jingine. Tulikubaliana kwamba unga wa mashine yetu sasa uuzwe katika viroba vya kilo 5 vyenye jina la ushirika, badala ya kuwauzia walanguzi wanaoutia katika viroba vyao na kula faida. Ugomvi ulikuja kwenye maneno. Akina mama walipendekeza nyuma ya kiroba pachapwe: ALIYEJIFUNGUA ARUDI SHULE. Hapo mkutano ukachafuka, na jua likatuchwea bila uamuzi. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kutoa maoni yetu hapa ubaoni. Anayejua kusoma asome, na asiyejua asomewe.

Sisi tunayaunga mkono maneno hayo. Lakini tunayaunga mkono kwa sharti, na sharti lenyewe tutalitaja mwishoni.

Waliopinga walisema mambo mawili. Kwanza, eti unga ni chakula, hauna haja ya kuhubiri. Jamani, tangu lini? Nenda dukani ukaitazame pakiti ya chumvi. Imeandikwa kwamba ina madini joto. Maneno yale yamewekwa kwa ajili ya rovu, ugonjwa uliowavimbisha shingo wazee wetu wengi. Leo hata mtoto anayetumwa dukani anajua chumvi ya kununua. Hiyo ndiyo kazi ya maneno mazuri: yanamwambia mtu afanye nini, naye anaweza kulifanya siku ileile.

Tazameni na pakiti ya sigara. Nayo imeandikwa onyo, kwamba kuvuta ni hatari kwa afya. Lakini mvutaji anaitia mfukoni na kuendelea. Maneno peke yake hayamshiki mtu mkono. Kwa hiyo tusidhani kwamba tukishachapa basi kazi imekwisha.

Pili, walisema tutaitangaza aibu ya kijiji mpaka mjini. Hapa hebu tusemezane taratibu. Mwalimu wetu alitusimulia kwamba kule Marekani, katika jimbo la Iowa, mwaka 1984 viwanda vya maziwa vilianza kuchapa kwenye pakiti picha za watoto waliopotea, na majimbo mengine yakafuata. Watu walikunywa maziwa asubuhi huku wakizitazama sura za watoto wale. Wenzetu walitangaza kwa sababu hawakujua watoto wako wapi. Sisi je? Wa kwetu hawajapotea. Tunaujua mlango wa kila mmoja. Tunapita hapo tukienda shamba, tunamwona anatwanga na mtoto mgongoni, tunamsalimu, tunaendelea na safari. Aibu iko hapo, haiko kwenye kiroba.

Kwa sababu hiyo tunasema pia kwamba picha ya msichana yeyote wa hapa isiwekwe. Sura ya mtoto wetu si nembo ya biashara. Uchorwe mchoro wa dawati na daftari, inatosha.

Tena tukumbuke kwamba jambo hili si uasi wa akina mama. Ni msimamo wa Serikali. Zamani msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na wengi tulidhani ndivyo ilivyo milele. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, waruhusiwe kurudi. Njia nyingine ni madarasa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa wale wanaoona haya kukaa na wadogo zao. Mlango umefunguliwa. Wanaouegemea usifunguke ni sisi wazazi.

Mama mmoja aliuliza mkutanoni swali ambalo halikujibiwa: kwa nini kiroba kiseme na msichana tu? Mimba haiji kwa upepo. Sheria ya mwaka 2016 inasema anayempa mimba mwanafunzi kifungo chake ni miaka 30. Lakini hapa kwetu mara ngapi shauri limemalizwa kwa mbuzi wawili na soda, jioni, nyuma ya nyumba? Tunapendekeza mstari wa pili uongezwe: MWANAFUNZI SI MCHUMBA. Maneno matatu tu, na hayahitaji mkalimani.

Sisi tunaoandika hapa hatukupata shule utotoni. Herufi tulizishika ukubwani, katika darasa la jioni chini ya mwembe, tukiwa tayari na watoto nyumbani. Hakuna aliyetuuliza tumezaa wangapi. Mwalimu aliuliza kitu kimoja tu: umekuja na penseli? Kama mtu mzima mwenye ndevu alipokelewa hivyo, binti wa miaka 16 kakosa nini kisichosameheka?

Sasa sharti letu. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu kama milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu. Halafu walifanya nini? Walichimba vyoo. Kampeni ile ilikuwa na maana kwa sababu baada ya maneno lilikuja jembe. Nasi tufanye vivyo hivyo, tena jembe litangulie. Mnunuzi akija kutoka mjini na kiroba mkononi akauliza, "Wamerudi wangapi?", tutamjibu nini?

Kwa hiyo tunapendekeza viroba visiagizwe mpaka mambo haya yafanyike:

1. Kamati iende kwa kila mzazi mwenye binti aliyeacha shule kwa sababu hiyo, izungumze naye kwa heshima, bila kumtangaza.

2. Akina mama wa kikundi wapange zamu ya kulea watoto wachanga saa za masomo. Na akina baba tusijifiche: tujenge kibanda.

3. Kila kiroba kitakachouzwa kitoe shilingi 50 kwa sare na madaftari ya hao wanaorudi, na hesabu ibandikwe hapa ubaoni kila mwezi.

Kuhusu uchapaji, tusitie mbwembwe. Kila rangi inaongeza gharama, basi moja inatosha. Mbele pawe na jina, uzito, tarehe ya kusagwa na mwisho wa kutumika, na alama ya ubora tukishaipata. Nyuma pawe na mistari yetu miwili, kwa herufi kubwa. Kiroba hakitupwi: unga ukiisha kinatiwa mbegu, kinawekewa maharage, kinatandikwa kwenye baiskeli. Maneno yetu yatakaa nyumbani kwa watu muda mrefu kuliko ugali. Ndiyo maana lazima yawe ya kweli.

Mkutano utarudiwa Jumamosi saa nane mchana. Njooni wote, na mabinti nao waje, wasikae nje dirishani kusikiliza wanavyojadiliwa.

Ahadi ni deni. Tukiichapa, tuilipe.

Katibu