Fizikia ya chaki ituondokee

Kuna mchoro mmoja natamani ufutwe kwenye ubao wa kila sekondari nchini: ule wa chupa ya maji yenye matundu matatu. Mmeuona. Maji ya tundu la juu yanadondoka karibu, ya tundu la kati yanasogea mbele kidogo, ya chini yanaruka mbali kuliko yote, na pembeni imeandikwa kwamba mgandamizo wa maji huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Watoto wananakili, mwalimu anafuta, kengele inalia.

Sasa chukua chupa ya lita moja na nusu, uitoboe kwa msumari wa moto: tundu moja kwenye robo ya kimo cha maji, jingine nusu, la tatu robo tatu. Isimamishe katikati ya meza pana, na mtu aendelee kumimina maji ili yasishuke. Yatakayofika mbali kuliko yote ni ya tundu la kati. Ya juu na ya chini yataangukia karibu mahali pamoja. Kanuni haijavunjika. Maji ya chini kweli yanatoka kwa kasi kubwa kuliko mengine, ila yako jirani na meza, yanatua kabla hayajafika popote. Sogeza chupa ukingoni ili maji yaangukie sakafuni, na hapo la chini litashinda. Mchoro ule una ukweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo ingewafanya watoto wabishane hadi jioni.

Nusu hiyo imefichikaje miaka yote mbele ya watu wenye shahada zao? Imefichika kwa sababu hakuna aliyetoboa chupa.

Na tusidanganyane kuhusu uhaba wa vifaa. Katika awamu ya nne, wakati wa Rais Kikwete, wananchi walichangishwa ili kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Watu walitoa, wengine huku wakinung'unika. Lakini somo la nyenzo halihitaji hata jengo! Linahitaji rula ya mita, uzi na mawe. Ning'iniza rula mpaka itulie sawa, funga gramu 100 sentimita 20 kutoka kwenye egemeo, kisha mpe mtoto gramu 50 na umwambie asawazishe. Atazifunga sentimita 20 upande wa pili, maana akilini mwake usawa ni umbali sawa. Rula itainama. Mwache. Usimsaidie, mwalimu, kaa kimya. Atasogeza, atarudisha, atasogeza tena, na rula itakapotulia kwenye sentimita 40 kelele zake zitasikika darasa la jirani. Huyo humkaririshi tena kani mara umbali. Na kama amewahi kubeba maji kwa mzega, mwili wake ulijua siku nyingi: ndoo moja ikipungua, bega linasogea kuelekea ile iliyojaa. Shule ndiyo ilikuwa haijamwambia kwamba ile nayo ni fizikia.

Badala yake tunafanya nini? Kambi. Wanafunzi wa Kidato cha Nne wanakusanywa wakeshe na maswali ya mitihani iliyopita, na ikifika siku ya vitendo kuna anayeshika rula ya mita kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo linapozaliwa lile pishi maarufu, kupika data. Mtoto ameambiwa grafu lazima itoke mstari mnyoofu, basi anaanza kuchora mstari, halafu anarudi nyuma kutafuta namba za kuulisha. Sayansi kichwa chini, miguu juu, na wakubwa wanaipigia makofi kwa jina la ufaulu.

Simlaumu sana mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mwenyewe anapimwa kwa asilimia na makaratasi tu. Mthibiti ubora akija anadai azimio la kazi, andalio la somo, na muhuri uonekane. Hakuna anayeuliza watoto wamegusa nini muhula huu.

Ninachodai wizara inaweza kukiagiza kwa waraka wa ukurasa mmoja. Mthibiti ubora aje na rula, uzi na mawe kwenye mkoba. Achague mtoto mwenyewe, asikubali yule aliyeandaliwa. Ampe jiwe la gramu 100 na jingine lisilojulikana uzito, amwambie autafute. Mtoto akikwama, asiandikwe yeye wala mwalimu wake peke yao. Aitwe mkuu wa shule, afisa elimu naye aitwe, wapewe rula ileile, na watoto waruhusiwe kutazama.