Linux haina virusi? Tusidanganyane

Bado nasikia watu wakisema, "Weka Linux, virusi utavisahau." Si kweli. Februari 20, 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, na waliopakua toleo la 17.3 Cinnamon kupitia hapo siku hiyo walipata faili lenye mlango wa siri. Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango kama huo ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, baada ya kuona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, inachelewa kwa takriban nusu sekunde.

Kompyuta yangu ya mezani inatumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nami najihadhari. Programu nachukua kwenye hazina rasmi tu, na masasisho siyaahirishi. Amri niliyoikuta mtandaoni siibandiki kwenye teminali kabla sijaielewa, hasa ikianza na sudo, yaani kwa ruhusa ya mtumiaji mkuu, kwani hapo unampa mgeni funguo za nyumba nzima. Kila Ijumaa nanakili mafaili yangu kwenye diski ya nje, kisha naichomoa.

Wako wanaodhani nenosiri la sudo linatosha. Halitoshi, ndugu zangu. Picha zako, barua zako na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari ziko katika folda yako mwenyewe. Programu hasidi ukiifungua kwa mkono wako, inazisoma bila kuomba ruhusa ya mtumiaji mkuu. Tahadhari kabla ya hatari.