Kwinoa ianzie kwenye uji wa mtoto

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2019-2020 ulionyesha kuwa takriban asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Udumavu hauletwi na njaa peke yake. Huletwa pia na sahani iliyojaa wanga na kupungukiwa na protini na madini. Wilaya yetu ya Rusizi ina mpunga wa Bugarama, muhogo na mahindi ya vilimani, maharage, na samaki aina ya sambaza wa Ziwa Kivu, lakini sambaza hununuliwa kwa pesa, na maharage hula kuni kwa saa nyingi kabla ya kuiva. Kwa sababu hiyo naamini wakati umefika wa kuipa nafasi kwinoa, nafaka ndogo ya milima ya Andes huko Bolivia na Peru. Punje zake kavu zina karibu gramu 14 za protini katika kila gramu 100, maradufu ya mchele, pamoja na asidi amino zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Tena huiva kwa takriban dakika 20.

Wapo watakaosema hiki ni chakula cha kigeni. Je, mahindi, muhogo, viazi vitamu na maharage yenyewe yalitoka wapi, kama si Amerika? Mkulima wetu hajawahi kulikataa zao kwa sababu ya asili yake, hulikataa lisipomlisha. Kwinoa hata si mgeni kabisa, kwani ni ya ukoo mmoja na mchicha, na majani yake huliwa mboga. Isitoshe, miaka ya karibuni imetufundisha hatari ya kutegemea mazao machache: mwaka 2014 ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliharibu muhogo wa Rwanda, na 2017 viwavijeshi vamizi wakaingia kwenye mahindi. Shamba lenye zao moja zaidi lina mlango mmoja zaidi wa kutokea.

Hoja nzito zaidi ni ya hali ya hewa, nayo haifai kupuuzwa. Kwinoa husifiwa kwa kustahimili ukame, baridi na chumvi, lakini joto kali wakati wa kuchanua huipunguzia punje, na unyevu mwingi huiletea ukungu wa majani. Basi Bugarama, bonde la chini na lenye joto, libaki na mpunga wake. Kwinoa ijaribiwe vilimani, ipandwe mwezi wa Machi ili ivunwe Julai, mvua zikiwa zimekatika, kwa kuwa mashuke yakinyeshewa yakiwa yamekomaa, punje huota papo hapo. Kazi hii haianzi patupu: mwanasayansi Mnyarwanda Cedric Habiyaremye, aliyesomea Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington nchini Marekani, amekwisha kujaribu aina mbalimbali za zao hili hapa nchini. Uchungu wa punje za kwinoa nao una dawa. Punje husuguliwa ndani ya maji, povu kama la sabuni likatoka, maji yakamwagwa na kubadilishwa mpaka povu liishe. Na uchungu huohuo ndio unaowafukuza ndege shambani.

Kuna pia swali la soko. Baada ya Umoja wa Mataifa kuutangaza 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa, bei ilipanda sana, kisha ikaporomoka, na wakulima wa Andes waliotegemea wanunuzi wa ng'ambo wakaumia. Somo lake ni kwamba zao hili lisiingie Rusizi kwa ahadi ya dola. Bodi ya Kilimo na wilaya ziwape vyama vya ushirika mbegu za majaribio katika vilima vichache, kwa misimu kadhaa, na washauri wa afya vijijini wawaonyeshe wazazi namna ya kuiosha, kuisaga na kuichanganya na unga wa mahindi katika uji. Maharage na mchicha vibaki palepale. Kwinoa ije kuviongezea nguvu. Ikishazoeleka jikoni, ziada itajitafutia soko mjini Kamembe na hata Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na bei ikianguka, mkulima atakuwa bado na chakula cha kumpa mwanawe.