Mzee Asiwe Tarishi wa Kesi Yake

Kila habari ya mzee aliyekatwa mapanga au kufukuzwa kwake kwa kusingiziwa uchawi inapotoka kaunti ya Kilifi, hoja zilezile husikika barazani na maofisini, na zote huishia kutuambia kwamba hakuna la kuongeza. Lipo.

“Haya ni mambo ya kifamilia, wazee wa ukoo wayamalize.” Yangekuwa ya kifamilia tu, Katiba ya Kenya ya 2010 isingeyagusa. Kifungu cha 57 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kinataka atunzwe na jamaa zake pamoja na Serikali. Tangu 1925, Sheria ya Uchawi inahesabu kumwita mtu mchawi kuwa kosa, ila shutuma ikipelekwa kwa chifu au polisi. Basi chifu huweza kujua mapema ni nani anayeandamwa, na akijua, hana ruhusa ya kukaa na habari hiyo. Baraza la ukoo nalo lina kazi yake. Lakini jamaa anayemwita mzee mchawi huku akililia shamba lake hawezi kuwa mshitaki na papo hapo akaketi na waamuzi.

“Makazi ya kuwahifadhi yapo, yanatosha.” Hii ndiyo hoja inayoniuma zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kituo cha Kaya Godoma, kule Ganze, kimewapokea wazee waliosingiziwa uchawi na kuokoa maisha yao. Lakini mtu anayetoroka usiku huacha shamba, mbuzi, dawa za presha na kitambulisho. Kama ametimiza miaka 70 na yumo katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, ana shilingi 2,000 kwa mwezi, na aliyeandikishwa kumchukulia huenda ni mwanawe yuleyule aliyemtishia. Mzee yuko salama Godoma, huku nyumbani ardhi inatafutiwa mnunuzi.

Siku anayopokelewa ndiyo siku ya mambo mengi kwenda pamoja. Daktari aone majeraha na kujaza fomu ya polisi ya P3 kabla alama hazijafifia. Afisa wa huduma za jamii ashughulikie jina la anayemchukulia pesa. Mtu aende ofisi ya ardhi kuomba zuio ili shamba lisihamishwe jina. Chifu afike kule kijijini, asikilize hali nyumbani kwa mzee ilivyo. Ofisi hizi zote zipo, na zina watu wanaolipwa mshahara. Kinachokosekana ni mmoja wa kumwuliza mwenzake amefikia wapi. Matokeo yake mzee mwenyewe, na mkongojo wake, hutoka kituo cha polisi na P3 mkononi akaenda hospitali, akarudi polisi, akaambiwa njoo kesho, na kila safari ni nauli ya bodaboda. Wengi huchoka wakakata tamaa, kisha tunaandika kwamba mlalamishi hakufuatilia.

“Mzee mwenyewe hataki kesi.” Mara nyingi hataki kweli, kwa kuwa anayempiga ndiye anayemletea ugali. Akikutana na askari peke yake, anachosikia ni mambo mawili: mwanao afungwe, au urudi nyumbani. Atarudi nyumbani. Afisa wa huduma za jamii na wakili wa msaada wa kisheria wakiwa mezani, njia zinaongezeka. Sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inairuhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi, na mtoto akaambiwa akae mbali bila kwanza kutiwa jela. Mjukuu anaweza kuhamia kwa mzee. Mwana mlevi anaweza kupelekwa kutibiwa. Na kama mzee, akili zake timamu, bado anakataa, uamuzi ni wake, lakini faili lisifungwe. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita kumpima presha amwulize tena mwezi ujao, wakiwa wawili tu.

“Hakuna pesa.” Nauli, chakula na malazi ya dharura vinahitaji bajeti, na kaunti inapaswa kuiweka. Simu kati ya muuguzi na chifu haihitaji bajeti mpya.

Iko hoja moja ninayoiheshimu: wakijua wengi, siri itavuja na mzee atauawa. Hatari hiyo ni ya kweli. Ila leo siri inavuja kwa sababu mzee anasimulia upya kila anapofika, tena kwenye kaunta ya polisi, foleni nzima ikisikiliza. Asimulie mara moja, kwa afisa mmoja, aulizwe ni lipi anakubali liambiwe nani. Ofisi ya ardhi inahitaji nambari ya shamba, haina haja na habari za majeraha. Muuguzi anahitaji majeraha, si habari za shamba. Mahali anapolala mzee pajulikane na aliyempeleka na aliyempokea, basi.