Kuku Wako Analala Wapi?



Leo jioni jua likizama, toka nje uangalie. Kuku wako wanakwenda kulala wapi? Wanaingia bandani? Au wanapanda mwembe?

Hapa Matogoro wako watu wenye mabanda mazuri ya kuku. Banda lina paa la nyasi na mlango wa mbao. Lakini ndani yake utakuta majembe na magunia matupu. Kuku wako juu ya mti. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu, "Kuku wangu ni wakaidi."

Ndugu yangu, kuku si mkaidi. Kuku tunaowafuga walitokana na kuku wa mwitu wa misitu ya Asia. Kuku hao wa mwitu wako hata leo, na usiku hulala juu ya miti. Kuku anajua kwamba anayelala chini huliwa. Kwa hiyo jioni hutafuta mahali pa juu. Banda lisilo na mahali pa juu, kwake yeye ni mtego.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilikuwa na kuku 11. Walilala katika mparachichi nyuma ya jiko, nami sikujali. Usiku mmoja wa mwezi wa 7, wakati wa baridi na upepo wa mlimani, paka mwitu alipanda mti ule. Asubuhi nilikuta kuku 6 tu, na manyoya kila mahali. Mke wangu alikuwa amepanga kuuza kuku wale anunue madaftari na sare ya mtoto. Hakusema neno. Alichukua ufagio akayafagia yale manyoya.

Basi ingia ndani ya banda lako sasa hivi, uchutame, utazame juu. Je, kuna mahali pa kukaa kuku? Kama hapapo, weka fito. Ufito uwe mnene kama mpini wa jembe, usiwe na miiba wala ncha kali. Uweke juu, kiasi cha mita 1 kutoka chini. Kila kuku apate nafasi ya shibiri moja. Fito zote ziwe kimo kimoja. Ukiweka moja juu kuliko nyingine, kuku watagombea ile ya juu kila jioni.

Fito hizo kata katika mikaratusi yako, au omba kwa jirani. Usiende kukata katika msitu wa hifadhi wa milima ya Matogoro. Mto Ruvuma unaanzia huko. Tusikaushe mto kwa sababu ya vitanda vya kuku.

Kuna sababu nyingine inayowafanya kuku walikimbie banda. Wengi hawaijui. Ni utitiri. Hawa ni wadudu wadogo sana. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na za fito. Usiku hutoka na kunyonya damu ya kuku. Hata wewe ungelala kitanda chenye kunguni mpaka lini? Chukua tochi usiku, ukague fito upande wa chini. Ukiwaona, toa nyasi zote za bandani uzichome mbali na nyumba. Ziba nyufa kwa udongo. Paka chokaa kuta. Fito zipake mafuta ya taa, ziache zikauke vizuri ndipo uwarudishe kuku. Nje ya banda weka majivu makavu mahali pasiponyeshewa mvua. Kuku wataoga humo wenyewe.

Banda likiwa tayari, usiwakimbize kuku mchana. Utachoka bure, na majirani watakucheka. Ngoja giza liingie. Kuku haoni vizuri gizani. Mshike taratibu, mtoe mtini, umweke juu ya ufito kwa mikono yako. Fanya hivyo kwa kuku wote, kisha funga mlango.

Sasa wafungie humo siku 7. Wape maji safi kila siku. Wape pumba, mahindi yaliyopondwa na majani mabichi. Siku 2 au 3 za kwanza watapiga kelele na kuzunguka. Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa. Tunawaonea huruma, tunafungua mlango, na jioni kuku wako juu ya mwembe tena. Vumilia.

Siku ya 8 usifungue asubuhi. Fungua saa 11 jioni, wakati umebaki mfupi kabla ya giza. Hawataweza kwenda mbali. Jua linapozama, gonga bakuli la chakula na kuwaita, kisha mwaga chakula ndani ya banda. Fanya hivyo kila jioni kwa muda wa wiki 2, huku ukiwafungulia mapema zaidi siku hadi siku. Mwito uwe ule ule, na anayeita awe mtu yule yule. Kazi hii mpe mtoto. Mtoto hasahau kuku kama sisi tunavyosahau.

Kuku mmoja au wawili watarudi mtini. Wafuate usiku, uwarudishe bandani. Watu wengine hukata manyoya ya bawa moja ili kuku asiruke. Mimi sipendi, maana kuku huyo atamkimbiaje mbwa?

Sasa tuje kwenye mayai. Kuku anayetaga katika majani anawatagia nyoka na kenge. Anataka mahali penye giza kidogo, pakavu, pasipo na fujo. Kikapu kilichochakaa kinatosha. Hata chungu kilichovunjika mdomo kinafaa. Upana uwe kama rula moja ya shule, yaani sentimita 30. Tia nyasi kavu. Kiota kimoja kinatosha kuku 4 au 5. Viota viwe chini kuliko fito. Vikiwa juu, kuku watalala humo na kuvichafua.

Kuku hupenda kutaga mahali anapoona yai. Weka yai moja kiotani, ulitie alama kwa mkaa ili usije ukalila. Kama huna yai, weka jiwe jeupe la mviringo. Halafu utafute kile kiota cha majani uyaondoe mayai yote. Kuku wengi hutaga asubuhi. Kwa hiyo, kwa muda wa wiki 2, kuku wanaotaga wafungulie saa 4 asubuhi, wakiwa wamekwisha kutaga. Wape maji na chakula kidogo wakingoja.

Nimeacha jambo kubwa hadi sasa. Ni kideri, ambacho wengine huita mdondo. Mara nyingi huja wakati wa kiangazi, nacho huweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Hakina dawa. Lakini kuna chanjo ya kudondoshea jichoni. Kuku hupata tone 1 katika jicho moja, naye hurudia kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi sana, kwa hiyo majirani hununua pamoja, na bwana mifugo huwaonyesha namna ya kuitunza na kuitumia.

Sasa fikiri bwana mifugo amekuja asubuhi, na kuku wako wamekwisha kushuka mtini na kutawanyika. Nani atawakamata? Chanjo haitakungoja. Kuku wako watabaki bila kinga.

Kwa hiyo siku ya chanjo, usifungue mlango wa banda. Ingia ndani na mtoto wako. Yeye amshike kuku, amlaze kichwa upande. Wewe dondosha tone jichoni, ungoje kuku apepese jicho. Kisha mtoeni mlangoni, mshike mwingine, mpaka banda libaki tupu.